Wauza sola watuandikie bei ya mwisho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wasomaji wenzangu, hasa wa kusini, kuhusu biashara ya umeme wa jua wa kulipa kidogo kidogo. Mimi ni mjane na mkulima wa korosho, naishi kitongoji kimoja nje ya Kitangari, wilaya ya Newala. Nimekuwa karani wa mizani katika chama chetu cha msingi cha ushirika kwa misimu tisa. Mkulima akishusha gunia pale ghalani, namba anayoisubiri ni moja tu: kilo ngapi zinaandikwa kwenye stakabadhi yake. Atasimama juani hata saa nzima mpaka aione kwa macho yake. Kwenye sola namba hiyo hatuonyeshwi, na sisi tumekubali kusaini bila kuiona.

Mwezi wa sita mwaka 2021 alikuja kwangu kijana wa pikipiki akiwa na boksi. Ndani kulikuwa na paneli ya wati 20, betri ndogo, taa nne, redio na waya za kuchajia simu. Akaniambia, "Mama, ni mia nane tu kwa siku. Mafuta ya taa na betri za tochi zinakula zaidi ya hapo." Nikamuuliza, "Sasa mwanangu, jumla yake inakuja ngapi?" Akanijibu nisihesabu hivyo, nihesabu kwa siku. Sikumbana. Mjukuu wangu alikuwa darasa la saba, anasomea kibatari, asubuhi anaamka na masizi puani. Nikatoa kianzio cha shilingi 50,000, taa zikawaka usiku uleule, na ninakiri kwamba nilifurahi sana.

Hesabu nilikuja kuipiga baadaye. Mkataba ulikuwa wa siku 600. Siku 600 mara mia nane ni 480,000. Weka na kianzio, inakuwa 530,000. Nilipokutana na wakala mwingine wa kampuni hiyohiyo gulioni nikamuuliza bei ya seti ileile kwa anayelipa yote kwa mkupuo. Akanitajia 340,000. Tofauti ni shilingi 190,000.

Sisemi niliibiwa. Kampuni ilinikopesha bila dhamana, haikuniomba hati ya shamba wala wadhamini. Betri ilipokufa mwezi wa tisa walikuja wakabadilisha bila kudai hata mia. Vitu hivyo vina gharama yake na mwenye mali ana haki ya kuirudisha. Kinachoniuma ni kwamba kwenye karatasi niliyosaini ile 800 iliandikwa kwa herufi kubwa za rangi, na 530,000 haikuwepo popote, mbele wala nyuma. Ningeiona pengine ningechukua hivyohivyo. Ila ningechukua nikijua.

Kuna jambo la pili ambalo waliotunga malipo ya kila siku hawakulifikiria, au walilifikiria kwa watu wa kwingine. Huku kwetu hela haiji kila siku. Korosho zinaanza kuanguka mwezi wa tisa, minada inaanza mwezi wa kumi, malipo yanaingia benki Novemba na Desemba. Kuanzia Februari mpaka Agosti mkulima anaishi kwa akiba, muhogo na vibarua. Na Februari ndiyo masika yetu imeshika, wingu linaweza kukaa juu ya uwanda huu siku tatu nne bila jua kuonekana. Betri haijai, taa inawaka kwa muda wa saa mbili tu inazimika, lakini siku inahesabiwa kama siku nyingine na mia nane yake inadaiwa.

Februari 2022 siku nilizolipia ziliisha usiku, mjukuu anaandika kazi ya shule. Boksi likajifunga, giza. Nilikuwa na shilingi 5,000 kwenye simu, nikalipa palepale. Ukishalipa unatumiwa namba za kufungulia kwa ujumbe, unazibonyeza kwenye boksi. Simu yangu ilikuwa na chaji asilimia tatu, ikazima kabla ujumbe haujaingia. Yaani nilikuwa nimeshalipa, hela imeshakwenda, na siwezi kufungua umeme kwa sababu simu haina umeme. Asubuhi nilitembea hadi kwa kinyozi barabarani, nikatoa shilingi 300 ya kuchaji, ndipo nikasoma namba zangu.

Mimi nilikuwa na hiyo elfu tano. Jirani yangu, baba wa watoto watano, mwezi wa tisa mwaka 2023 hakuwa nayo. Boksi lake lilikuwa limefungwa wiki ya tatu na wakala anampigia simu kwamba watakuja kuling'oa. Akaokota korosho za kwanza, kilo arobaini, akauza kangomba kwa shilingi 1,200 kwa kilo. Kwa wasomaji wasiojua, kangomba ni wale wanaonunua korosho kwa wakulima wenye shida kabla ya mnada, kwa bei wanayotaka wao. Alipata 48,000, taa zikawaka. Bei ile ilikuwa chini ya waliyokuja kulipwa wenzake waliosubiri mnada. Hiyo hasara nayo ni gharama ya sola, na haimo kwenye karatasi ya kampuni yoyote.

Mimi nilimaliza deni langu mwezi wa nne 2023. Ukimaliza unatakiwa upewe namba ya mwisho ya kulifungua boksi moja kwa moja. Namba hiyo ilichukua siku 23 kunifikia. Simu ya huduma kwa wateja inaita mpaka inakatika, ofisi yao ya wilayani imehama na mlango una tangazo la duka la nguo. Siku 23 nimekaa gizani ilhali sidaiwi.

Mwishoni mwa 2023 nikaamua kupanua. Mwanangu ni kinyozi, alitaka mashine zake zifanye kazi nyumbani. Nami nilitaka televisheni, feni, na taa hadi jikoni na chooni. Safari hii nilinunua daftari jipya na nikawauliza watu wote wanaouza au wanaokopesha, kila mmoja kwa namba zilezile.

Kampuni ya kulipa kidogo kidogo ilinipa seti yenye televisheni ya inchi 32 na paneli ya wati 100: kianzio 150,000, kisha 2,100 kila siku kwa siku 900. Jumla ni 2,040,000, kwa miaka miwili na nusu.

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa, VICOBA, kinakopesha mara tatu ya hisa ulizoweka. Zangu zilikuwa 200,000, ningepata 600,000, nirudishe kwa miezi mitatu. Miezi mitatu kuanzia Januari haina korosho hata moja. Nikaachana nayo.

Kununua kidogo kidogo kwa mkono wako pia ni njia, na ni nzuri kwa mwenye subira, ila ina utaratibu wake. Kaka yangu alianza na betri. Aliinunua mwezi wa kumi na mbili akaiweka uvunguni asubiri hela ya paneli msimu unaofuata. Betri ya asidi ikikaa miezi bila kuchajiwa inakufa yenyewe, na yake ilikufa palepale uvunguni bila kuwasha hata taa moja. Anza na paneli, ambayo haiozi. Betri iwe ya mwisho, siku unayofunga. Na isiwe betri ya gari. Ile imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi ili injini iwake, ukiitumia kuwashia taa usiku kucha mpaka iishe, haitakaa.

Nilichofanya mimi ni mkopo wa SACCOS wa shilingi 1,000,000 kwa riba ya asilimia moja na nusu kwa mwezi. Hapa naomba msomaji akae vizuri, kwa sababu asilimia ileile inaweza kukugharimu tofauti. Ukirejesha sehemu ya mkopo kila mwezi na riba ikahesabiwa kwenye deni lililobaki tu, kwa mwaka riba yote inakuwa 97,500. Riba ikihesabiwa kwenye milioni nzima tangu mwezi wa kwanza hadi wa mwisho, inakuwa 180,000. Muulize karani wa mikopo swali hilo kabla ya kusaini.

Mimi nilichagua ile ya 180,000 nikiwa na akili zangu timamu. Niliwaomba wanikubalie nilipe riba peke yake, 15,000 kila mwezi, na milioni yenyewe niilipe yote korosho zikiuzwa. Wakajadiliana, wakanikubalia. Elfu kumi na tano kwa mwezi naimudu kwa kuuza mihogo. Mnada wa kwanza wa Oktoba 2024 bei ikapita shilingi 4,000 kwa kilo, na Desemba nilikuwa nimemaliza. Lakini najua bei ya korosho ilivyo. Mwaka 2018 Serikali ilinunua yenyewe kwa shilingi 3,300, na kuna misimu tumeshuka mpaka kwenye elfu mbili. Kwa hiyo nilikopa kiasi ambacho hata bei ikianguka shamba langu lingelipa.

Kununua nako kuna hadithi yake. Nilikwenda Masasi na tepu ya fundi cherehani mkobani. Fundi aliyenifungia alikuwa ameniambia kwamba paneli nzuri za siku hizi, jua likiwa kali, mita moja ya mraba inatoa kama wati 200, haizidi sana hapo. Duka la kwanza wakanitolea paneli yenye kibandiko "wati 300", bei 160,000. Ilikuwa inang'aa, nzuri kwa macho. Nikaiomba ilazwe juu ya kaunta, nikatandaza tepu. Urefu sentimita 100, upana sentimita 50. Hiyo ni nusu ya mita ya mraba. Haiwezi kupita wati 100, sembuse 300. Muuzaji akaniambia, "Mama, hiyo ni teknolojia mpya." Nikakunja tepu yangu nikaaga. Wakati natoka, baba mmoja aliyekuwa nyuma yangu alikuwa anahesabu noti kulipia mbili za namna ileile. Nilimgusa bega nikamwonyesha tepu. Sijui kama alizinunua.

Duka jingine walikuwa na za wati 150, sentimita 120 kwa 67, ikaingia akilini. Nikachukua mbili kwa 190,000 kila moja. Betri ya lithiamu ya ampea-saa 100 ilikuwa 780,000, na hapo ndipo hela yangu nyingi ilipokwenda. Ya asidi ya ukubwa huohuo ingekuwa nusu ya bei, lakini ya asidi ukitaka idumu unatumia nusu tu ya kilichomo, na kwa matumizi ya kila usiku wengi huku wanaibadilisha baada ya miaka miwili au mitatu. Chaji kontrola, ya kulinda betri isijae kupita kiasi, 140,000, invata ya wati 1,000, ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nguzo, kwa 170,000, waya na fyuzi na vyuma vya paani 95,000, ufundi 70,000. Yote 1,635,000. Ongeza riba 180,000 na televisheni ya inchi 32 niliyoinunua kwa 280,000, inakuwa 2,095,000.

Msomaji ataona nimelipa zaidi ya ile seti ya kampuni kwa shilingi 55,000. Ni kweli. Lakini paneli zangu ni mara tatu ya zile, mwaka mmoja deni limekwisha, na hakuna boksi la kunifungia taa. Siku ya jua zuri napata kama uniti moja ya umeme. Inatosha taa sita, televisheni, feni, mashine za mwanangu na simu za majirani. Pasi na jiko sigusi.

Nisiwadanganye watu kwamba sola ni nafuu kwa bei kuliko umeme wa nguzo. Tumeambiwa vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa, na kijijini kwetu nguzo ipo kweli, iko zahanati. Kutoka zahanati hadi kitongojini kwangu ni kilomita nne. Kama ningekuwa kando ya nguzo ningelipa 27,000 ya kuunganishwa kijijini, nifanye wayaringi, ninunue LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Kwa mtumiaji mdogo uniti 75 za mwezi ni 9,150 pamoja na kodi. Yule wa 2,100 kwa siku analipa 63,000 kwa mwezi na hapati hata nusu ya uniti hizo. Mwenye nguzo mlangoni achukue nguzo. Sola iwe ya akiba umeme ukikatika, kama alivyofanya mdogo wangu aliyeko Mtwara mjini. Na ninaposema hivyo moyo unaniuma, maana gesi inachimbwa Msimbati, mkoani kwetu Mtwara, na bomba linaipeleka Dar es Salaam tangu mwaka 2015, na sisi wa vitongojini tunapimana paneli kwa tepu.

Mambo ya kufunga nayataja kwa ufupi. Sisi tuko kusini ya ikweta, kama digrii kumi, hivyo paneli inainamishwa kidogo kuelekea kaskazini, na huku kaskazini ndiko kibla. Fundi asiyejua, mwambie aelekeze inakoelekea mihrabu ya msikiti. Tawi la mwembe likitupa kivuli kwenye pembe moja tu, umeme unapungua kwa kiasi utakachoshangaa. Waya mwembamba mrefu nao unakula umeme njiani, usikubali fundi akuokolee elfu kumi hapo. Na wakulima wenzangu, tukipuliza salfa mikorosho kuanzia mwezi wa sita, unga ule wa njano unatua kwenye paneli. Mimi nafuta kila wiki alfajiri kabla jua halijapasha kioo, kwa kitambaa chenye unyevu tu, maana maji huku uwandani ndoo moja ina bei yake.

Sasa nirudi kwenye ombi langu. SACCOS walinijazisha fomu yenye riba, muda na jumla ya marejesho, wakataka wadhamini wawili, na wanasimamiwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Hata VICOBA vyetu vya akina mama sheria hiyo inavitambua na inavitaka visajiliwe. Anayenipa boksi leo nimlipe kwa siku 900 anasema, "Huu si mkopo mama, ni lipa kidogo kidogo." Nashindwa kuona tofauti. Naziomba Benki Kuu na Tume ya Ushindani zilitazame hili, na ziwabane wauzaji waandike kwenye karatasi ya kwanza, kwa herufi kubwa kama ile 800 yangu: bei ya mkupuo, jumla ya malipo yote, wati za paneli pamoja na ukubwa wa betri, na siku ngapi mteja atasubiri namba ya mwisho akishamaliza.

Na wauzaji wenyewe nawaomba waje na malipo ya msimu kwa Mtwara na Lindi. Mteja alipe kidogo sana Februari hadi Septemba, alipe kwa mkupuo Novemba na Desemba, na anayemaliza mapema apunguziwe. SACCOS yetu ndogo imeweza. Ila nisieleweke vibaya: sitaki deni la sola likatwe moja kwa moja kwenye malipo ya korosho ghalani. Makato pale tayari ni mengi, nayaandika kwa mkono wangu kila msimu na naziona nyuso za watu wakisoma kilichobaki. Hela iingie kwa mkulima kwanza, alipe mwenyewe.

Mawakala wataanza kupita tena vijijini mwezi wa kumi, kama kawaida yao, wakijua hela inakaribia. Atakayekuja kwangu na karatasi yenye namba hizo nne, nitawaita majirani zangu wote tukae chini ya mwembe tuisome pamoja, na tepu nitakuwa nayo.

Karani wa mizani na mkulima wa korosho,
Kitangari, Newala, Mtwara